Herufi ya Mama wa Uji

Nimechonga mitungi mingi kuliko mfinyanzi yeyote wa Rwanda, na hakuna hata mmoja uliowahi kutiwa maji. Ilikuwa mitungi ya kadi. Chini ya mtungi alisimama mwanamke, mgongoni mwa mwanamke kulikuwa na mtoto, na mwanamke mwenyewe alikuwa ametupa kisogo, kwa sababu uso huchukua muda kuuchonga na wanunuzi hawakuuhitaji. Wageni walizinunua kule uwanja wa ndege wa Kanombe, dakika za mwisho, pasipoti mkononi. Wakaenda nazo kwao kuwaonyesha watu mwanamke wa Rwanda alivyo. Kisogo, mtungi, mtoto. Basi.

Karakana yetu ilikuwa Gikondo, nyuma ya gereji, na mimi niliingia hapo mwaka wa tisini na mbili. Tulikuwa wanawake sita chini ya mwalimu mmoja, mama mtu mzima aliyekuwa sista zamani akaacha utawa. Sababu hakuisema, na sisi tulikuwa na adabu ya kutomuuliza mbele yake. Nyuma yake tuliulizana sana. Yeye ndiye aliyetufundisha kazi ya chapa. Vifaa vya dukani hatukuwa navyo. Tulichonga kwenye vipande vya mpira ule ambao washona viatu hukatia soli, kwa njiti za mwavuli alizozinoa mwenyewe kwenye jiwe la gereji mpaka zikapata makali. Wino tulipewa na watu waliokuwa wakichapa kadi za harusi, mabaki ya chini ya makopo, tukaulainisha kwa mafuta ya taa juu ya kioo cha mlango wa gari bovu.

Ukishaupaka mpira wino, unalaza karatasi juu yake, unasugua kwa mgongo wa mwiko wa ugali, kisha unafunua. Kilichoachwa hutoka cheusi, kilichokatwa hutoka cheupe, na kila kitu hutoka kimegeuka, cha kulia kimekwenda kushoto. Siku ya kwanza mwalimu aliposhika ule mwiko akasema huo ndio moyo wa kazi yetu, nilicheka peke yangu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Hakujua kwamba mwiko ni pia lile jambo ambalo watu wamekukataza usilifanye.

Kazi ya herufi ilikuwa yangu. Wenzangu waliichukia, kwa sababu herufi huchongwa kinyume, na anayesahau hutoa karatasi inayosomeka kwenye kioo tu. Mimi nilikulia Nyamirambo, upande wa Waislamu, nikasoma chuo cha Kurani kabla ya kusoma kwa mapadri, na mkono wangu ulijua kutoka kulia kwenda kushoto tangu utotoni. Kwa hiyo walinipa herufi, na kwa hiyo waliniita Mswahili.

Kigali, kumwita mtu Mswahili si kumsifu. Maana yake ni mjanja, mwongo, mtu wa stendi. Kiswahili kilikuwa lugha ya madereva, ya wanajeshi na ya wezi, na mwanamke akikisema vizuri watu walimwangalia mara ya pili, wakijiuliza alikifundishwa na nani na kitandani mwa nani. Mimi nilifundishwa na mama yangu, jikoni, nikimenya ndizi. Lakini nani alitaka kusikia hilo? Nilizoea. Nikawa hata najivuna kimoyomoyo, kwamba katika ile karakana nzima mimi peke yangu ndiye nijuaye lipi ni sahihi na lipi ni kosa. Majivuno hayo ndiyo yaliyoniponza, ingawa aliyelipa si mimi.

Aliyelipa ni Mama wa Uji. Tulimwita hivyo kwa sababu alitupikia uji wa saa nne na chai ya mchana, na kufagia vumbi la mpira jioni. Alikuwa mjane wa Gahanga, ana miaka arobaini hivi, mrefu, mwenye kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto. Mumewe alipofariki, shemeji yake, mwanajeshi wa kambi ya Kanombe, alichukua shamba na nyumba. Mama wa Uji alikuwa na mtoto mmoja tu, tena wa kike, na mtoto wa kike hakuhesabiwa kuwa mrithi. Yule binti alimpeleka Bujumbura kwa dada yake, asome. Yeye akabaki Kigali na mfuko wa plastiki wenye karatasi zake zote za shamba, akizunguka nao kati ya uji wetu na ofisi ya komini, yaani serikali ya eneo lake.

Kila aliporudi kutoka huko tulimzunguka jikoni atusimulie.

"Nafika pale, iko watu tatu nyuma ya meza," alisema siku moja, akikoroga. "Hapana hata moja banaangaria karatasi yangu. Banaangaria miguu. Banaangaria kifua. Banaangaria pua. Harafu banasema, rudi na mwanaume."

Pua hatukuuliza. Miaka ile ya vita, kwenye kila kizuizi cha barabarani, askari aliyetafuta kabila lako alikusoma pua kwanza na kitambulisho baadaye, na pasipolingana aliamini pua.

"Mimi naonewa, Muswahiri," akaniambia. "Kira siku naonewa."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka kama mwalimu wa shule.

"Unataka kusema unaonwa, mama," nikamwambia. "Wanakuangalia, wanakuona. Sema: naonwa. Naonewa ni kitu kingine. Ni kudhulumiwa, ni mwenye nguvu kumkandamiza asiye na nguvu."

Akaacha kukoroga. Akaniangalia na mwiko wake ukidondosha uji.

"Kwani mimi nasema nini?" akauliza.

Wenzangu walicheka mpaka mafundi gereji wakachungulia. Tangu siku hiyo neno lile halikunitoka kichwani, yale maneno mawili yaliyotenganishwa na herufi moja, na mwanamke mmoja aliyekuwa ndani ya yote mawili kwa pamoja.

Mwaka uliofuata tuliletewa habari za maonyesho. Aliyezileta alikuwa mke wa ofisa mmoja mkubwa wa jeshi, kiongozi wa kamati ya akina mama, nasi tulimwita Madamu tu. Kila mmoja wetu achonge chapa moja kubwa juu ya mwanamke. Watakuja wageni kutoka Burundi, Zaire na Tanzania, na watu wa wizara, kwa hiyo chini ya kila picha kuwe na neno moja la Kiswahili. Na mmoja wetu, atakayependeza zaidi, atapelekwa Dar es Salaam kusomea kazi hii miezi sita.

Niliitaka Dar es Salaam kwa uchu ambao hadi leo naona aibu kuusema. Nilitaka kukaa mji ambao ninapofungua mdomo hakuna anayenigeukia. Nilitaka kuitwa kwa jina langu. Basi nikaapa sichongi mtungi, nikaenda jikoni kumwomba Mama wa Uji uso wake.

Alipanga vikombe kwanza.

"Hao watu ya wizara, batakuja kweri?"

"Watakuja, mama."

"Basi chukua uso. Rakini neno yangu ibaki vile inatoka mdomo yangu. Naonewa. Mimi nitasimama pale na karatasi yangu. Rabda moja ataniuriza: nani anakuonea?"

Hilo tu ndilo alilotaka. Hakutaka picha, hakutaka kusifiwa. Alitaka mtu mmoja mwenye cheo amuulize swali moja, mbele za watu, na yeye awe na jibu kwenye mfuko wa plastiki. Nikamwahidi.

Nilichonga wiki tatu. Uso ulijaa mpira wote, umetazama mbele, macho kwa macho na anayeutazama. Pembeni yake, upande mmoja, nilichonga viti vitatu vya ofisi vitupu, na kila kiti nikakipa macho mawili kwenye egemeo. Sikuwa na haja ya kuchonga wanaume. Chini, kinyume, kutoka kulia, herufi saba. Tulipofunua karatasi ya kwanza mwalimu aliitundika ukutani, na kwake yeye huko kulikuwa kusifu. Mama wa Uji aliitwa. Akafuta mikono kwenye kanga, akaja, akajitazama.

"Umenihamisha kovu," akasema.

Nikamweleza kwamba chapa hugeuza. Akasogea, akagusa karatasi kwenye jicho moja la ule uso.

"Mana yanjye," akasema kwa Kinyarwanda, Mungu wangu. "Huyu haogopi."

Madamu alikuja kukagua siku mbili kabla ya maonyesho. Alipita kwenye meza moja baada ya nyingine, akasifu mitungi miwili, vikapu vitatu, na mwanamke mmoja aliyekuwa anatwanga. Mama wa Uji alikuwa mlangoni na sinia la chai. Madamu akafika kwangu, akasimama.

"Mbona anatukazia macho hivi?"

"Anatazama, Madamu," mwalimu akajibu.

"Mwanamke wa kwetu hatazami hivyo. Mwanamke mwenye malezi huinamisha macho." Akainama kusoma. Kiswahili cha kambini alikuwa nacho cha kutosha. "Naonewa? Anaonewa na nani?"

Ndilo swali lenyewe. Lilikuja mapema kwa siku mbili, kwenye chumba kinachonuka mafuta ya taa, kutoka mdomo usiotaka jibu. Nilisikia vikombe vikigongana kwenye sinia. Mama wa Uji alikuwa amepiga hatua moja mbele. Alikuwa anatafuta pa kuliweka lile sinia ili mikono iwe huru, na meza zote zilikuwa zimejaa chapa.

Madamu hakumngoja. Alinigeukia mimi, na sauti yake ikawa laini.

"Wewe ndiye Mswahili wao, si ndiyo? Wewe unayetaka kwenda Dar es Salaam. Hebu nisaidie. Nchi iko vitani. Hatuwezi kuwaita wageni waje kusikia manung'uniko. Lakini nadhani hapa kuna kosa tu la lugha. Si alitaka kusema naonwa? Kwamba mwanamke sasa anaonwa, anathaminiwa? Niambie wewe mwenye lugha. Hili si kosa?"

Nimeikumbuka dakika hiyo mara nyingi, na kila mara naitafutia udhuru. Niliogopa, ndiyo. Watu walikuwa wakichukuliwa kwa makosa madogo kuliko herufi. Lakini nisijifiche nyuma ya woga. Niliogopa nusu, na nusu nilitamani. Nami nilikuwa na elimu yote ya kufanya uongo ule uonekane elimu.

"Ni kosa, Madamu," nikasema. "Kiswahili chake si kizuri. Alitaka kusema naonwa."

"Basi lirekebishe."

Nikachukua njiti ya mwavuli mbele ya watu wote, nikakata E. Haikuchukua muda. Herufi iliyochukua nusu saa kuchongwa ilitoka kwa mikato minne, ikaanguka mezani vipande vipande. Mahali pake pakabaki shimo, na tulipochapa upya neno lilitoka na pengo katikati: NAON, kisha weupe, kisha WA. Kufinya herufi zisogeleane hakuwezekani. Mpira hauna huruma hiyo, kilichokatwa kimekatwa, na siku za kuchonga upya hazikuwepo.

Madamu alipoondoka Mama wa Uji alipata pa kuweka sinia. Akatumiminia chai sote, na mimi pia, kikombe kikijaa sawasawa na vya wengine.

"Kosa ya nani, Muswahiri?" akaniuliza polepole.

Jioni nilimfuata mwalimu, nikaanza kumweleza habari za Madamu, na kitisho chake, na vita.

"Alikushika mkono?" mwalimu akauliza.

"Hapana."

"Basi usiniletee mambo ya Madamu."

Siku ya maonyesho Mama wa Uji alikuja. Mimi nilidhani hatakuja, na ningefurahi asije. Alivaa kitenge chake cha kanisani, akasimama chini ya picha yake na mfuko wa plastiki mkononi, tangu kufunguliwa mpaka kufungwa. Madamu aliwazungusha wageni. Kila alipofika hapo alisema kwa Kifaransa kwamba neno hili maana yake ni kuwa zamani mwanamke wa Rwanda hakuonekana na sasa anaonwa. Wageni walipiga makofi. Bwana mmoja wa wizara aliitazama picha, akamtazama Mama wa Uji, akaitazama tena picha, akafurahi kuona wanafanana. Mgeni mmoja akawapiga picha pamoja, mama na karatasi, akamshukuru kwa kutikisa kichwa, akaenda zake na kamera yake. Wote walimtazama. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Hata vile viti vyenye macho havikuwasumbua. Madamu aliwaambia ni mapambo.

Dar es Salaam alipelekwa binti wa ndugu yake Madamu, ambaye hajawahi kushika njiti ya mwavuli hata wakati wa mvua. Niliposikia nilicheka sana, kicheko cha uchungu, kisha nikalia. Mama wa Uji alikuwa hapo jikoni akiosha sufuria. Wala hakunicheka. Ingekuwa nafuu kama angenicheka. Aliendelea kunimiminia chai miezi yote iliyobaki, bila kuniita Muswahiri tena, bila kuniita chochote. Nilimsalimia, akaitikia. Habari za komini akawa anawasimulia wengine kwa Kinyarwanda, lugha ambayo mimi sikuwa na cha kumsahihisha.

Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na nne aliacha kazi akarudi Gahanga. Kuna mwanamke wa kanisani kwake aliyempa kona ya kulima, jirani kabisa na shamba lake mwenyewe, akawa analima huku akilitazama. Aprili ilimkuta huko. Hakutoka. Waliomfahamu wanasema hakuhitaji kuulizwa kitambulisho. Sitaki kuandika zaidi ya hapo, na mwenye kutaka zaidi aende Gahanga akawaulize waliobaki.

Mimi nilibaki. Mwalimu hatukumpata tena. Mwezi wa kumi nilikuwa Nyamirambo, nikishona mapazia ya watu waliokuwa wakirudi kutoka Uganda, Burundi na Tanzania, wamejaza mji kwa sauti mpya. Ghafla Kiswahili kikawa lugha ya watu wa heshima. Wanawake wa maofisini walikisema sokoni wakiwa wamevaa miwani, na hakuna aliyewageukia.

Mmoja wa waliorudi alikuwa msichana mrefu wa miaka kumi na tisa. Aliuliza mtaa mzima mpaka akafika kwenye cherehani yangu. Alikuwa binti wa Mama wa Uji. Hakuhitaji kujitambulisha, ule uso niliuchonga mimi.

"Shikamoo, mama," akasema, Kiswahili cha Bujumbura, chepesi. "Wananiambia wewe ulimchonga mama yangu. Nyumba aliyokuwa akikaa iliungua na kila kitu. Mimi sina hata picha yake moja. Nilikuwa nikijitahidi kumkumbuka, na sasa uso wake umeanza kunipotea. Naomba kama unayo."

Sikuwa nayo. Karatasi zote zilichukuliwa na Madamu, na Madamu alishakimbilia Zaire. Lakini nikamwambia twende.

Gikondo, gereji ilikuwa mabati matupu. Mlango wa karakana ulikuwa umeng'olewa, meza zimechomwa kuni. Vipande vya mpira vilichukuliwa karibu vyote, maana watu walihitaji soli kuliko mitungi. Ule wangu niliukuta kwenye kona, chini ya matope. Mtu alikuwa ameukata upande mmoja, soli mbili za haraka, kipimo cha mguu wa mtu mzima. Alikuwa amekata upande wa viti. Ofisi nzima imekwenda kukanyagwa na mtu nisiyemjua, na hilo ndilo jambo pekee katika kisa hiki lililowahi kunifurahisha. Uso ulikuwa mzima. Neno lilikuwa vilevile nilivyoliacha.

Tukaubeba mpaka kwangu Nyamirambo. Wino haukuwepo. Nilikwangua masizi ya sufuria nyumbani nikayachanganya na mafuta ya kupikia, nikatoa karatasi ya kalenda ya zamani nikaigeuza nyuma, nikasugua kwa mwiko. Binti alikaa kwenye mkeka, mikono magotini, hasogei. Nilipofunua alitoa sauti ndogo. Kisha akaitazama, nayo ikimtazama.

"Kovu," akasema baadaye. "Kovu lilikuwa upande huu."

"Chapa hugeuza," nikamwambia. "Yeye pia aliniambia hivyohivyo."

Akatabasamu, mara ya kwanza. Kisha kidole chake kikashuka mpaka chini, kikafuata herufi moja moja bila kuzigusa, kwa sababu masizi yalikuwa mabichi. Kikasimama kwenye pengo.

"Na hapa, mama? Hapa palikuwa na nini?"

Mpira ulikuwa mezani. Kipande kingine cha mpira wa soli kilikuwa pembeni, njiti ya mwavuli ilikuwa mfukoni mwangu, na E moja ni kazi ya nusu saa. Alikuwa akinisubiri kwa adabu, macho yake yamekaza juu yangu kama ya mama yake, hayaogopi. Nikamjibu kwa Kiswahili safi, kisicho na kosa hata moja.

"Kisu kiliteleza, mwanangu."